Kichwa cha Mwenye Mchanga

Nyumba ya Zafisoa haijakandikwa. Nguzo zake ni za mti mgumu wa katrafay, fito zimefungwa kwa kamba za magome, na matete yamesimamishwa kati ya fito. Upepo wa alasiri hupita ndani yake kama unavyopita katika zizi la mbuzi. Nyumba nyingine zote za Ankilimasy zimekandikwa udongo mwekundu. Mgeni akiuliza, watoto humwambia kwamba ile ni nyumba inayosubiri. Akiuliza inasubiri nini, watoto hutazamana.

Zafisoa ni mwanamke wa makamo, mrefu, anayetembea haraka na kuongea polepole. Ameolewa mara tatu na kurudi mara tatu, jambo ambalo kwa Wamasikoro, watu wa kabila lake, halimshangazi mtu. Mume wa kwanza alikuwa mkali, wa pili mvivu. Wa tatu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mtu mzuri, ila nyumbani kwake daima palikuwa na mwanamke mwingine aliyekuja kuazima kinu. Mara mbili za mwanzo Zafisoa alirudi kwenye nyumba ya mama yake, ukingo wa mashariki wa kijiji. Mara ya tatu hapakuwa na nyumba. Mama alikuwa amefariki, na nyumba ya marehemu haiachwi isimame. Zafisoa mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliovuta paa lake chini. Alichokikuta ni kiwanja kitupu cha mchanga na visiki vya nguzo vilivyoliwa na mchwa.

Akalala ghalani kwa kaka yake, katikati ya mahindi.

Mwanamke aliyerudi kwao na kupewa kiwanja ni mtu wa pale. Atalima pale, atasengenywa pale, na siku yake ikifika atalazwa pamoja na baba zake. Anayelala ghalani ni mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa uani. Zafisoa alikuwa amechoka kuwa mgeni. Alimwomba kaka yake ajengewe pale pale ilipokuwa nyumba ya mama, kabla mvua hazijaanza.

Kaka yake, Lahiniriko, ndiye mkubwa wa boma. Si mtu mbaya. Wezi wa ng'ombe haogopi, amewahi kuwafukuza kwa mkuki mmoja na matusi mengi. Anachoogopa ni kukosea. Baba yao alikufa ghafla, na mambo mengi ya ukoo aliyaacha nusu nusu. Lahiniriko huzishika nusu hizo kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba chungu chenye ufa.

Moja ya mambo hayo ni desturi ya kiwanja, ambayo hata majirani wa ukoo huu hawana. Shimo la kwanza la nyumba huchimbwa pembe ya kaskazini-mashariki, ambayo ni pembe ya waliotangulia. Huchimbwa kwa mti mkavu, si kwa chuma. Akitokea humo mnyama wanayemwita Mwenye Mchanga, hachukuliwi kwa mkono. Hukingwa kwa jani la mbarika, huwekwa juu ya mchanga uliosawazishwa, na watu hutazama kichwa chake kinakwenda wapi. Kikienda mashariki, mahali pamekubali. Kikienda magharibi, pamekataa, na aliyekataliwa haombi tena. Asipotokea mnyama yeyote, watu hujenga bila wasiwasi.

Mwenye Mchanga ni mjusi, ingawa hana miguu na wengi humdhania nyoka mdogo au mnyoo. Unene wake ni wa unyasi wa ufagio. Mwili ni mweupe, wa weupe wa kitu ambacho hakijapata kuona jua, na mkia ni mwekundu. Macho yake yamefunikwa na magamba. Hukaa chini ya majani makavu, ndani ya magogo yaliyooza na katika mchanga wa kivuli, akila mchwa. Ukimfichua, hujikunja, huinua upande mwekundu na kuutikisa, na wakati huohuo upande mweupe unazama. Kwa hiyo mtu anayemtazama kwa mara ya kwanza hawezi kusema anakuja au anakwenda. Kwa bahati mbaya, Lahiniriko alikuwa akimtazama kwa mara ya kwanza.

Asubuhi ya kuchimba, mzee Tsivery, mpiga ramli wa kijiji, aliitwa awe shahidi. Alikaa upande wa mashariki wa kiwanja na mfuko wake wa mbegu. Zafisoa alisimama na jani la mbarika, maana hakuna ajuaye kama mnyama atatokea. Filomeni, mke wa Lahiniriko, alikuwa akitwanga mahindi karibu, karibu kuliko siku nyingine zote. Filomeni ametoka katika ukoo ulio watani wa ukoo wa mumewe. Aweza kuwaambia lolote, hata makaburini, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Mchanga wa juu ulikuwa mgumu kama tofali. Ile ilikuwa sakafu ya mama.

"Mti huu unakwaruza tu," Lahiniriko alisema. "Nitatoboa ngozi ya juu kwa jembe, kisha tutaendelea na mti."

"Baba alifanya hivyo?" Zafisoa akauliza.

"Baba hakuchimba mahali palipokanyagwa na Mama miaka yote ile."

"Chimba, mume wangu," Filomeni alisema kutoka kinuni. "Ukoo wenu hata sindano mnaiogopa, ndiyo maana mnavaa nguo zilizochanika."

Lahiniriko akapiga jembe mara moja. Bamba la mchanga mgumu likainuka, na chini yake, penye kisiki cha nguzo ya zamani kilichojaa mchwa, alikuwapo Mwenye Mchanga. Jembe lilikuwa limempitia.

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Kipande chekundu kiliruka, kikajipinda, kikaruka tena, kikaenda mashariki mpaka kikagusa kidole cha mguu cha mzee Tsivery. Kipande cheupe kilikwenda magharibi, kikaingia mchangani kama uzi katika tundu la sindano, kikapotea. Damu haikutosha kumtisha hata kuku.

Filomeni alifika na mchi mkononi. "Haya, amejibu nini?"

"Kimekwenda mashariki," Tsivery alisema, akivuta mguu wake.

"Kitu gani kimekwenda mashariki, mzee?"

"Hiki."

"Hiki ni nini?"

Tsivery alikitazama kipande chekundu kikipunguza kuruka.

"Ni kichwa," Lahiniriko alisema. Uso wake ulikuwa umekunjuka. "Tazameni kilivyo na hasira. Kitu chenye hasira namna ile ni kichwa. Dada, umekubaliwa."

Zafisoa alikuwa bado amelishika jani. Alitaka kucheka, akasubiri.

"Vizuri sana," Filomeni alisema. "Kwa hiyo umemkata Mwenye Mchanga kichwa. Kwa chuma. Katika pembe ya baba zako."

Lahiniriko alilitazama jembe. Akaliweka chini taratibu.

"Hapana," alisema. "Nadhani ni mkia. Mkia hukatika tu. Mijusi ya ukutani kila siku inakatika mikia na hakuna anayeulizwa."

"Basi wewe umepona. Na kichwa kimekwenda magharibi, na wifi yangu anarudi kulala na mahindi yangu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema ni mkia."

"Nimesema nadhani."

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza, na kwa kweli haujaisha. Kama chekundu ni kichwa, Zafisoa ana nyumba na kaka yake ana hatia ya kumuua mwenye ardhi. Kama chekundu ni mkia, kaka hana kosa kubwa, na dada hana mahali. Hapakuwa na njia ya tatu, na Lahiniriko aliitafuta njia hiyo mchangani kwa macho kana kwamba ameiangusha hapo.

"Dada," alisema hatimaye, "Mama alipojengewa, mimi nilikuwa nachunga. Wewe ulikuwepo. Ulionaje? Nini kilitangulia?"

Zafisoa aliinama. Akilini aliuona mkono wa baba siku ile, na jani. Aliuona wekundu na weupe. Aliona kisigino cha baba kikiwa na mpasuko uliojaa vumbi, jambo lisilo na msaada wowote. Wekundu ulikuwa upande wa jua. Au jua lilikuwa limeufanya uonekane hivyo. Alipoutazama sana, wekundu ulitangulia. Alipozidi kuutazama, ulifuata nyuma. Hakujua kama anakumbuka au anatamani.

"Sikumbuki," alisema.

Mzee Tsivery alitandaza mbegu zake kwenye mchanga, akazipanga mbili mbili na moja moja, akazifuta, akazipanga tena. Walisubiri. Alikuna shingo.

"Njia imetoka wazi," alisema. "Na mlango umetoka umefungwa."

"Maana yake?" Lahiniriko akauliza.

"Maana yake mmeuliza kwa jembe. Mmejibiwa kama mlivyouliza. Ulizeni tena kwa adabu, kwa mnyama mzima."

Zamani msitu ulifika kisimani. Siku hizi, ukitoka Ankilimasy, unapita kwanza mashamba ya mahindi yaliyochomwa, ambako magogo meusi yamelala kila upande na mchanga unaunguza nyayo, kabla hujafikia kivuli. Zafisoa na Filomeni walikwenda siku iliyofuata, wakiwa wamejipaka liwa usoni, na kibuyu kilichokatwa nusu. Filomeni hakuombwa kwenda. Alisema anafuata kuni.

Walianzia mashambani, chini ya magogo yaliyoungua, kwa kuwa yalikuwa karibu. Chini yake mlikuwa na majivu na mchanga mkavu kama unga. Hapakuwa hata na mchwa.

"Mume wangu alichoma shamba hili," Filomeni alisema. "Sasa anamtafuta mwenye nyumba amuulize habari."

Ndani ya msitu mambo yalikuwa mengine. Majani yaliyodondoka yalikuwa yamelaliana, na ukiyafukua, mchanga wa chini ni baridi na una unyevu kidogo, mwekundu uliokolea. Zafisoa alipiga magoti akachimba kwa vidole. Filomeni alikaa juu ya gogo.

"Wifi," Filomeni alisema, "jana ungesema chekundu kilitangulia, leo tungekuwa tunakata matete."

"Na kaka yangu angekuwa muuaji."

"Angechinja jogoo, yangekwisha."

"Jogoo kwa kichwa cha Mwenye Mchanga? Humjui mumeo. Asingelala tena. Angekuwa anakuamsha kila saa akuulize kama umesikia kitu."

Filomeni alifikiri. "Hilo kweli." Kisha akasema, "Lakini wewe mwenyewe unaamini nini? Kile chekundu."

"Asubuhi naamini ni kichwa. Jioni naamini ni mkia."

"Na mchana?"

"Mchana nina kazi. Ondoka juu ya gogo hilo, limeoza, tuligeuze."

Waliligeuza. Gogo lilipasuka kama mkate uliochacha, mchwa wakamwagika, na katikati yao alikuwapo mmoja, mzima, mweupe na mwekundu. Aliinua upande mwekundu akautikisa. Wanawake wawili waliinamisha vichwa vyao mpaka vikagusana.

"Hicho kinachoinuka ndicho kichwa," Filomeni alinong'ona. "Kinatutazama."

"Hakina macho."

"Na kile kingine?"

"Hicho nacho hakina."

Zafisoa alimkinga kwa jani, pamoja na mchanga wake, akamtia kibuyuni na kumfunika. Njia nzima ya kurudi alibeba kibuyu kama mtu abebaye moto. Filomeni alisahau kuni.

Lahiniriko alikuwa amesawazisha mchanga kwa kiganja, mpana kama mkeka. Tsivery alikaa kusini safari hii, miguu ameikunja. Zafisoa alilitelemsha jani, akalivuta polepole.

Mnyama alilala katikati. Upande mwekundu uliinuka, ukatikisika kidogo. Kisha, bila kwenda mashariki wala magharibi, alizama pale pale alipolala, pande zote mbili kwa pamoja, kama maji yanavyozama mchangani. Paliachwa mstari mwembamba, na mstari nao ukafunikwa na upepo.

Lahiniriko alimtazama Tsivery. Tsivery aliutazama mchanga.

"Amekataa kujibu," Lahiniriko alisema.

"Hajakataa," Tsivery alisema. "Aliyekataa huondoka."

"Basi amekubali."

"Aliyekubali huenda mashariki."

"Basi amefanya nini, mzee?"

"Ameingia ndani."

"Amechoka na maswali yenu," Filomeni alisema. "Mimi mwenyewe ningekuwa na pa kuzama ningezama. Watani zangu, mtu anaomba mahali pa kutandika mkeka, ninyi mnamtafutia mnyama mwenye vichwa viwili. Mpeni nyumba. Ikianguka, si itamwangukia yeye?"

Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyekasirika. Lahiniriko alizunguka kiwanja, akazunguka tena. Yeye ndiye angeulizwa, na waliokufa na walio hai. Akimfukuza dada aliyekubaliwa, ni kosa. Akimkalisha dada aliyekataliwa, ni kosa. Aliposimama alikuwa amepata lile aliloweza kulipata.

"Tutasimamisha nguzo, tutafunga matete," alisema. "Kwa kamba. Udongo bado. Kilichofungwa hufunguliwa. Udongo ndio unaosema kwamba mtu amekaa. Tutangoja mpaka jambo lijulikane."

"Litajulikanaje?" Zafisoa akauliza.

Kaka yake alifikiri kwa uaminifu. "Sijui," alisema.

Alichinja jogoo kwa ajili ya jembe, akamwaga pombe kidogo kwenye pembe ya kaskazini-mashariki, akawaambia waliotangulia kwamba kama ni kichwa anasikitika sana, na kama ni mkia anasikitika kiasi. Nyama ililiwa na wote. Nyumba ikasimamishwa.

Mvua zilipokuja, ziliingia kwa Zafisoa kama jamaa wa karibu. Alihamisha mkeka kutoka kona hadi kona. Alilima kunde zake, akala mihogo ya kuchemsha na kunywa maji yaliyochemshwa juu ya ukoko wa chungu kwa Filomeni, akarudi kulala katika nyumba ambayo hakujua kama ni yake. Aliishi kama mtu aliyealikwa na kusahauliwa mlangoni. Akipanda kitu karibu na ukuta, alijiuliza ni nani atakayekivuna, lakini alipanda. Wanawake walipomsalimia kisimani, wengine walimwita mwenyeji na wengine walimwita mgeni, na wote aliwaitikia.

Mvua zilipokwisha, alitoa mkeka nje aupige vumbi. Mchanga wa chini ulikuwa na unyevu bado, na pembeni, katika ile pembe ya kaskazini-mashariki, mchwa walikuwa wameanza kupanda kwenye nguzo. Aliufukua mchanga aone wametokea wapi. Akamkuta Mwenye Mchanga.

Huyu hakuwa na wekundu. Upande mmoja ulikuwa mweupe. Upande wa pili ulikuwa butu, mfupi, wa kijivu kilichofifia, na palipoungana mwili na huo ubutu palikuwa na kovu, kama pete. Kitu kilikuwa kimekatwa hapo na kingine kikaota.

Zafisoa alikaa chini. Alifikiri kwa mpango, kama anavyopanga kuni.

Huyu ndiye aliyekatwa na jembe. Kama chekundu kilikuwa kichwa, huyu asingekuwa hai. Hakuna kiumbe kinachoota kichwa. Basi chekundu kilikuwa mkia. Kwa hiyo kaka hakumuua mtu. Hilo lilimfariji, na alitaka kuinuka akamwambie. Lakini kama chekundu kilikuwa mkia, kichwa kilikwenda magharibi. Yeye alikuwa amekataliwa, tangu asubuhi ile ya kwanza, wazi kabisa, na wote hawakuona. Akimwambia kaka la kwanza, la pili litafuata lenyewe, na kamba zitafunguliwa.

Lakini aliyemkataa alikuwa hapa, chini ya mkeka wake. Alikwenda magharibi akarudi. Au hakwenda popote, alizama tu hatua moja ya kuku na kungoja kelele ziishe. Mtu anayekukataa hahamii chumbani kwako. Au labda anahamia, kwa kuwa chumba ni chake na mgeni ni wewe. Zafisoa alimtazama akatafuta kichwa. Hakuwa na hakika. Pande zote mbili sasa zilikuwa karibu rangi moja, na mnyama hakuinua hata mmoja.

"Wewe," alimwambia kwa sauti ndogo, "ungesema tu."

Akamfunika kwa mchanga wake, akautandika mkeka juu, mbali kidogo na pembe.

Kisha alichukua ndoo akaenda bwawani. Alirudi na udongo mwekundu, akaukanyaga na majani makavu mpaka ukashikana, akaanza kukandika kwa ndani, kwa viganja, kuanzia ukuta wa magharibi. Pembe ya kaskazini-mashariki aliiruka. Kwa nje hakugusa.

Alipokuwa ananawa, Lahiniriko alipita na ng'ombe. Alisimama. Katikati ya matete, mahali ambapo jana palionekana mwanga wa upande wa pili, sasa palionekana wekundu.

"Dada, mikono imefanyaje?"

"Nilikuwa nashika udongo."

"Wa nini?"

"Wa ndani."

Lahiniriko aliutazama ukuta kwa muda mrefu kuliko ukuta ulivyohitaji. Matete yalikuwa matupu bado, kamba zilikuwa pale pale, kila fundo alilolifunga mwenyewe.

"Umejua jambo?" aliuliza.

"Nimejua nusu."

"Nusu ipi?"

Zafisoa alikung'uta maji mikononi. "Hukumuua, kaka. Hilo najua."

Alimwona akipumua, mabega yakishuka. Alimwona pia akianza kuuliza la pili, mdomo ukifunguka, kisha ukifungwa. Ng'ombe mmoja aliendelea mbele akaanza kula kunde za mtu.

"Nje usiguse," Lahiniriko alisema, akienda kumrudisha.

"Sijagusa."